Simbilisi wa jikoni, panya wa maabara na kifua cha mwanao

(Kwa ambao hamkufika Jumamosi, hii ndo hotuba yote niliyoitoa kwa wazazi wa watoto wenye pumu na vijana wa maabara waliokuja nao. Picha za ukutani nimeziacha, maneno nimeyaweka kama yalivyotoka.)

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, baba zangu, na nyie wadogo zangu mliobanana kule mlangoni, asanteni kwa kuja na jua lote hili.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia daktari, njoo utuelezee dawa za pumu zimetoka wapi. Nikamwambia mama, mimi ni daktari wa mifugo, watu siwatibu. Akasema ndo maana nakutafuta wewe. Kumbe kwenye kikao chenu kilichopita kuna mama aliuliza swali likakosa wa kulijibu, aliuliza hivi: hii dawa anayovuta mwanangu kila siku, kabla ya mwanangu ilijaribiwa kwa nani? Na kijana mmoja akadakia palepale, ilijaribiwa kwa panya, na panya hana pumu, sasa tunaaminije?

Huyo mama yupo leo? Yupo, namwona. Na kijana yupo. Maswali yenu yote mawili ni ya haki na nimekuja kuyajibu, jibu lina urefu kidogo mnivumilie.

Nianze na kijana. Kweli, panya hana pumu. Simbilisi hana pumu, sungura hana pumu. Hakuna mnyama wa maabara mwenye pumu kama ya mwanao. Alichonacho mnyama ni uwezo wa kukujibu swali moja dogo, na ukimuuliza hilo dogo anakujibu vizuri kweli kweli, ukimuuliza kubwa anakupoteza njia, na amewapoteza watu wenye akili nyingi kwa miaka mingi. Kwa hiyo leo kila nikiwasimulia jambo nitawarudisha kwenye swali moja: tulimuuliza nini? Mlishike hilo.

Mimi nimezaliwa Njombe. Watu wa Njombe, Iringa na Mbeya mliomo humu mnawajua simbilisi, wale wanyama wadogo wa duara wasio na mkia, kwetu wanafugwa kwa ajili ya nyama na wanaishi jikoni, wanazunguka mafiga, wanakula maganda ya viazi, ukidondosha kuni wanakimbilia wote chini ya uchaga kwa mpigo huku wanalia kwi kwi kwi. Na jikoni kwetu baridi ya Juni moto wa kuni hauzimwi.

Mdogo wangu anayenifuata alikuwa na pumu. Nyie mna watoto, sina haja ya kuwaelezea usiku wa pumu, lakini vijana hawa huenda hawajauona. Mtoto halali. Anakaa kitako, mikono kwenye magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni, shingo inaingia ndani kila akivuta, kifua kinapiga filimbi, na hawezi kumaliza sentensi, anakwambia "mama" anapumzika, "maji" anapumzika. Mama anambeba kwenda jikoni kwenye joto, kwenye moshi, kwa wale simbilisi. Alipewa vidonge vya aminofilini ambavyo vilimtetemesha mikono mpaka kikombe kinamwagika. Alipoenda shule ya bweni kidato cha kwanza kifua kikatulia, likizo akirudi siku ya tatu filimbi inaanza. Sisi tukasema ni baridi ya Njombe. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka akaangalia moshi wala wale wanyama.

Basi mwaka wa tatu chuoni, somo la dawa, mwalimu akatuletea simbilisi.

Nataka mlione hili kama nilivyoliona. Simbilisi ameshakufa. Unatoa bomba lake la hewa, bomba dogo tu, nene kama mrija wa soda, unalikata vipete vipete kisha unavifunga kwa uzi kimoja baada ya kingine kama shanga. Unavitumbukiza kwenye gilasi ndefu ya maji yenye chumvi na sukari kidogo, joto nyuzi 37 kama la mwili, chini inaingia hewa ya oksijeni mapovu yanapanda taratibu. Uzi wa juu umefungwa kwenye kijiti chepesi, na ncha ya kijiti inachora mstari kwenye karatasi inayozunguka. Mwenyewe hayupo lakini ile misuli bado hai, itaishi masaa. Sasa unadondosha tone la histamini, kile kitu ambacho mwili wenyewe unakitoa wakati wa aleji. Unasubiri. Kijiti kinaanza kupanda, kinapanda, kinapanda, maana vile vipete vinajikaza vinavuta uzi, na hakuna wa kuvilazimisha. Halafu mwalimu akasema dondosha salbutamol. Tone moja tu. Kijiti kikatulia kidogo kama kinafikiria, kikaanza kushuka, kikashuka mpaka pale kilipoanzia.

Nilisimama pale nikamwona mdogo wangu kwenye ile gilasi. Kwa mara ya kwanza maishani niliona kwa macho kitu kilichokuwa kinatokea ndani ya kifua chake usiku.

Tulimuuliza nini simbilisi? Tulimuuliza: hii dawa inalegeza misuli ya njia ya hewa? Akajibu ndiyo. Swali dogo, jibu safi. Na salbutamol, ile inhela ya bluu iliyopo kwenye pochi zenu sasa hivi, ilizaliwa kwa maswali ya namna hii. Kabla yake kulikuwa na dawa inaitwa isoprenaline, ilifungua kifua ila iliupiga na moyo humohumo, na Uingereza miaka ya 1960 inhela zake za nguvu zilipoenea vifo vya pumu vilipanda, wengi wakiwa vijana. Kwa hiyo ilitafutwa dawa inayolegeza bomba la hewa na kuuacha moyo. Timu ya David Jack kule Ware, Uingereza, ikaipata mwaka 1966, ikaingia sokoni 1969. Unapima kwenye bomba, unapima kwenye moyo, unalinganisha. Mama, sehemu ya kwanza ya jibu lako ni hiyo.

Lakini nisiwafiche na ubaya. Katika chuo nilichosoma kuna siku umeme ulikatika katikati ya kazi, maji yakapoa, vipete vikafa, jenereta ilikuwa haina mafuta na hakuna aliyekuwa amekagua. Simbilisi sita walikufa siku ile na hatukuandika hata mstari mmoja. Sita. Mpaka leo nikiingia maabara kitu cha kwanza nauliza mafuta ya jenereta. Kuna Waingereza wawili, Russell na Burch, mwaka 1959 waliweka msingi ambao leo unafuatwa karibu kila mahali: kama kuna njia isiyo na mnyama tumia hiyo, kama hakuna basi tumia wachache, na hao wachache wasiteseke. Wadogo zangu wa maabara, msiuchukulie huo kama karatasi ya kusaini. Mnyama aliyekufa bure hajamsaidia mtoto yeyote humu ndani.

Haya, turudi kwenye ile histamini, maana hapo ndo simbilisi alipotupoteza.

Mwaka 1910 Henry Dale na mwenzake Laidlaw kule Uingereza walimchoma simbilisi sindano ya histamini. Njia za hewa zikajibana mpaka mapafu yakabaki yamevimba na hewa isiyoweza kutoka, mnyama akafa kwa dakika chache. Sasa wewe mtafiti ukiona hivyo unasemaje? Si unasema hii ndo pumu! Nani asingesema? Mwaka 1937 huko Paris, Daniel Bovet akapata dawa za kwanza za kuizuia histamini, ukimpa simbilisi halafu ukamchoma histamini ileile, hafi, anatembea zake. Furaha kubwa, ushahidi umekamilika, na Bovet baadaye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1957. Dawa za ukoo huo zikapelekwa kwa wagonjwa wa pumu. Kifua hakikufunguka.

Ziliwasaidia wenye mafua ya aleji, wenye kuwashwa ngozi, hao ziliwasaidia na zinawasaidia mpaka leo. Wa pumu, hapana. Kwa nini? Kwa sababu kifua cha simbilisi kinaiogopa histamini kupita kiasi, cha binadamu mwenye pumu kinabanwa na vitu vingi na histamini ni kimoja tu tena sio mkubwa wao. Tuliuliza "nini kinambana simbilisi" tukadhani tumeuliza "nini kinambana mtu".

Na hili liko majumbani kwenu hadi leo. Ni wangapi humu usiku mtoto akibanwa unakimbilia ile sirapu ya aleji, ya mafua, mtoto analala, unasema afadhali? Msinyanyue mikono, najua ni wengi. Mtoto amelala kwa sababu sirapu zile za zamani zinalewesha usingizi. Kifua bado kimebana. Mama zangu nawaomba kwa kweli, sirapu ya aleji haifungui kifua cha pumu, usiku huo mtoto anahitaji inhela ya bluu na akikosa nafuu anahitaji hospitali.

Cha ajabu, huyohuyo simbilisi ndiye aliyekuja kutuonyesha kilichokosekana. Wilhelm Feldberg, Myahudi aliyefukuzwa kazi Ujerumani na utawala wa Hitler, alifika Melbourne, Australia, na mwaka 1938 yeye na Charles Kellaway walipitisha sumu ya nyoka fira kwenye mapafu ya simbilisi. Kwenye maji yaliyotoka walikuta kitu kinachokaza misuli, ila hakifanani na histamini. Histamini inakaza haraka inaachia. Hiki kilipanda polepole, kikashika, na hakikuachia. Hawakujua ni nini, wakakiita kwa tabia yake tu, yaani kile kitu cha polepole. Wengine wakaja kukikuta kinatoka hata kwenye mapafu ya wagonjwa wa pumu. Sasa hebu fikirieni pumu ya mwanao. Si inapanda polepole ikashika? Ilichukua mpaka mwaka 1979 Bengt Samuelsson wa Stockholm na wenzake kuonyesha kile kitu ni nini hasa, wakakipa jina lukotraini. Na dawa za kuizuia zikafika kwa wagonjwa miaka ya 1996 na 1998. Hesabu mwenyewe kutoka 1938. Miaka sitini! Hii ya 1998 ndo montelukast, vile vidonge vya kutafuna ambavyo baadhi ya watoto wenu wanapewa jioni.

Halafu sikilizeni. Montelukast ilipita kwa wanyama, ikapita kwa wagonjwa, ikatumika miaka zaidi ya ishirini, na Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaamuru iwekewe onyo kali kabisa la kwenye kisanduku, kwamba kuna watu inawaletea ndoto mbaya, hasira, huzuni, hata mawazo ya kujiua. Sasa niambieni, simbilisi angewezaje kukusimulia ndoto? Panya angekwambiaje kwamba leo anaona maisha hayana maana? Hilo swali halina mnyama wa kulijibu, wa kulijibu ni mtoto wako akiulizwa na mtu anayempenda. Kama mwanao anaitumia na amebadilika, usimwachishe kimyakimya, mpeleke kwa daktari ukamweleze wazi.

Kuna mtu mmoja nampenda sana kwenye historia hii, naomba nikae kwake kidogo. Anaitwa Roger Altounyan. Alizaliwa Syria mwaka 1922, akawa rubani wa vita, akawa daktari, na alikuwa na pumu. Alifanya kazi kwenye kampuni ya dawa Uingereza, na alikerwa na jambo moja: dawa zote zinapimwa kwa simbilisi, na yeye akijiangalia kifua chake anaona hakifanani na cha simbilisi. Akaamua kupima kwa mwenye pumu anayemfahamu, yaani yeye mwenyewe. Na mnajua alikuwa na aleji ya nini? Ya manyoya ya simbilisi! Basi wakamtengenezea maji ya manyoya na magamba ya ngozi ya simbilisi, anayavuta kama mvuke, kifua kinabana, anapima pumzi yake imeshuka kiasi gani, siku nyingine anavuta kwanza dawa ya majaribio halafu yale maji, anapima tena. Mamia ya mara, miaka kwa miaka. Dawa zenyewe zilitokana na mmea uliotumika Misri tangu zamani.

Mwaka 1965 akapata moja iliyomkinga, kromoglikati, ikaingia sokoni 1968. Kwa simbilisi wa vipimo vya siku zile haifanyi kitu cha maana, kwa hiyo wangebaki na mnyama tu ingetupwa kapuni. Siku hizi kwa pumu haitumiki sana maana zimekuja zenye nguvu zaidi, ila matone yake ya macho yenye aleji yapo hadi leo.

Siwaambii mkajivutishe vitu, kijana usinielewe vibaya, leo kamati ya maadili isingekubali na iko sahihi. Nawaambia niliposoma habari zake niliweka kitabu chini nikampigia mdogo wangu simu, nikamuuliza, hivi ulikuwa unabanwa zaidi ukiwa wapi? Akasema jikoni dada, si unajua, jikoni. Mwezi uleule baba alijenga banda la simbilisi nje, na jiko la kuni likatenganishwa na nyumba. Wanyama aliozaliwa nao na kukua nao, na tulihitaji mtu wa Uingereza avute manyoya yao ndo sisi tuwatazame.

Sasa panya, maana utafiti mwingi wa pumu siku hizi ni panya, wale weupe wadogo wa gramu ishirini hivi. Kwa nini panya? Bei nafuu, anazaa haraka, na unaweza kuzima jeni moja ukaona kinatokea nini. Anafanywaje awe na "pumu"? Anachomwa tumboni protini ya ute mweupe wa yai iliyochanganywa na chumvi ya alumini ili kinga yake ikasirike, wiki chache baadaye anavutishwa ileile protini puani, mapafu yanavimba na kujaa chembe nyeupe za damu. Inachukua wiki nne tano. Mwanao je, pumu yake ilikuja kwa sindano ya yai? Mwanao amekuwa nayo miaka, na vumbi, na mafua, na moshi, na baridi. Tena panya ukiendelea kumvutisha muda mrefu mara nyingi anazoea uvimbe unapungua wenyewe! Na hakohoi kama sisi, na njia zake za hewa zina misuli michache. Ni mnyama mwingine jamani.

Hadithi ya kuonyesha hilo ni ya intalukini-5. Ni ujumbe wa kinga ya mwili unaoita chembe zinazoitwa eosinofili ziende kwenye mapafu. Mwaka 1996 panya waliozimwa jeni ya ujumbe huo walivutishwa yai wakakaa salama, chembe hazikuja na kifua hakikubana. Kila mtu akasema tumeipata. Ikatengenezwa kingamwili ya kuuzuia ujumbe huo kwa binadamu, mepolizumab, na mwaka 2000 yakatoka majibu ya wagonjwa 24 wenye pumu nyepesi. Chembe zikapungua kwenye damu, kabisa, kama panya alivyosema. Kifua je? Kifua kikabana vilevile.

Mnaona? Panya alikuwa amejibu kweli. Tulimuuliza intalukini-5 inaita eosinofili? Akasema ndiyo, na kwa watu ikawa ndiyo. Sisi tukasikia "hii ndo pumu".

Dawa ikakaribia kuzikwa. Kilichoiokoa ni madaktari waliorudi kwa wagonjwa. Wa Leicester, Uingereza, na wa Hamilton, Canada, wakasema ngoja, pumu ziko aina nyingi, tuwachukue wale tu ambao makohozi yao yamejaa eosinofili na wanazidiwa mara kwa mara. Na tusipime kubana kwa siku moja, tuhesabu wamezidiwa mara ngapi. Majibu yakatoka 2009. Leicester walikuwa wagonjwa 61, waliopata dawa walizidiwa wastani wa mara 2.0 kwa mwaka, wasiopata mara 3.4. Mwaka 2015 ikaruhusiwa Marekani. Dawa ileile! Kilichobadilika ni swali na mtu aliyeulizwa. Mimi sindano hiyo sijawahi kuikuta duka la dawa la mtaani kwetu na bei yake sio ya mtu wa kawaida, na hilo linaniuma, lakini leo sio mada.

Msije mkadhani panya ni wa kutupotosha tu. Kuna kazi moja ya mwaka 2016 ninayoipenda. Marekani kuna jamii mbili za wakulima wenye asili ya Ulaya, Amish na Hutterite, damu zao zinakaribiana, maisha yanakaribiana, ila Amish wanalima kwa farasi na watoto wanacheza zizini, Hutterite wanatumia mashine kubwa na mifugo iko mbali na nyumba. Pumu kwa watoto wa Amish kama asilimia 5, kwa Hutterite asilimia 21. Watafiti wakakusanya vumbi la majumbani mwao wakawavutisha panya puani. Vumbi la Amish likawakinga panya, la Hutterite halikuwakinga. Walipozima kwa panya ile sehemu ya kinga ya asili inayotambua vijidudu, ulinzi ukaondoka. Tuliuliza nini? Kwamba kwenye hili vumbi kuna kitu au hakuna, na kinapita mlango gani. Panya akajibu vizuri sana. Ila mzazi usiondoke hapa ukamlaze mtoto zizini, mwenye pumu tayari vumbi linaweza kumbana vibaya.

Kuna na paka na farasi, hao wanaugua wenyewe bila sindano, farasi wa kulishwa majani makavu yenye vumbi na ukungu anakohoa na kubanwa kabisa, na paka nimewahi kuwaona wakivutishwa inhela kwa kikombe cha usoni. Sisi madaktari wa mifugo tunaona watafiti wangewaangalia zaidi hao wagonjwa wa kweli.

Na kuna njia za kumpumzisha mnyama. Chembe za njia ya hewa za mgonjwa mwenyewe zinaoteshwa maabara mpaka zinatoa ute. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walitengeneza kipande cha plastiki cha ukubwa wa kidole chenye chembe za mapafu ya binadamu, kinavutwa na kuachiwa kama kinapumua. Mwishoni mwa 2022 Marekani ilibadilisha sheria, mnyama sio lazima tena kabla ya dawa kujaribiwa kwa watu kama kuna njia nyingine inayoaminika. Wadogo zangu, hiyo ndo kazi yenu, mimi nitakuwa nimestaafu.

Mama yangu pale mbele, nimalizie kwako. Ile gilasi yenye vipete vya simbilisi ilituonyesha kubana kwa misuli na kulegea. Ukiitazama sana unaweza kuamini pumu ni misuli tu, na dunia iliamini hivyo muda mrefu. Lakini kwenye gilasi hakuna uvimbe, hakuna ute, na pumu ya mwanao ina vyote. Inhela ya bluu inalegeza misuli, uvimbe unabaki palepale unasubiri usiku mwingine. Wa kuushusha uvimbe ni ile nyingine ya steroidi, mara nyingi ya kahawia, inayovutwa kila siku hata akiwa mzima. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa unasema kuanzia miaka 12 mtu asitibiwe kwa bluu peke yake. Na wadogo zaidi wanaobanwa mara kwa mara muulizeni daktari habari ya hiyo ya kila siku. Mnaiogopa, mnasema inazoesha, mnasema ni dawa ya mwisho. Haizoeshi. Kila mwaka pumu inaua watu, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walikufa 455,000, wengi kwenye nchi za kipato chetu hiki, na dawa ya kahawia ipo duniani tangu 1972.

Kuna swali moja la mwisho ambalo hakuna simbilisi wala panya angelijibu: mtoto wa maskini asiye na hela ya kununua kile chombo cha kuvutia inhela afanyeje? Heather Zar na wenzake Cape Town waliwauliza watoto wenyewe, majibu yakatoka 1999. Chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni hewa isivuje, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Ikivuja inapungua nguvu, na kikombe cha plastiki kilikuwa dhaifu kuliko vyote.

Kwa hiyo hatutawanyiki bado. Chupa ziko kwenye lile boksi, nimeziosha jana, gundi iko mezani, kila mzazi achukue moja aje na inhela ya mwanawe. Yule anayepasha waya pale dirishani ndo mdogo wangu niliyewasimulia, ana miaka arobaini na mbili sasa, amekuja kutoka Njombe na basi la usiku. Atawaonyesha tundu linatobolewaje. Wenye watoto wadogo mje mbele kwanza.